Nani Alinganishwe na Nani: Historia ya Jaribio la t

Mwaka 1876 Charles Darwin alichapisha kitabu kuhusu uchavushaji wa mimea. Kilikuwa matunda ya majaribio ya miaka 11 aliyoyafanya nyumbani kwake Down, katika jimbo la Kent, Uingereza. Swali lake lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: je, mche uliozaliwa na mimea miwili tofauti hukua vizuri kuliko mche uliotokana na mmea uliojichavusha wenyewe?

Miongoni mwa mimea aliyoichunguza yalikuwamo mahindi. Darwin alisubiri mbegu zichipue, kisha akachukua mbili zilizochipua wakati mmoja, moja ya mseto na moja ya kujichavusha, akazipanda katika chungu kimoja, hii upande huu na ile upande wa pili. Vyungu vilikuwa vinne na jozi za miche zilikuwa 15. Sababu yake ya kufanya hivyo ilikuwa nzito. Miche miwili inayokunywa maji ya chungu kimoja na kula udongo mmoja, ikitofautiana kwa urefu, kisingizio cha udongo na maji hakipo tena.

Ilipofika siku ya kupima, miche ya mseto ilikuwa na wastani wa inchi 20.19 na ile ya kujichavusha inchi 17.57. Katika jozi 13 mseto ulikuwa mrefu zaidi. Katika jozi 2 zilizobaki mambo yaligeuka kabisa: mche wa mseto ulidumaa ukaishia inchi 12, na katika mojawapo ya jozi hizo mwenzake alikuwa amepita inchi 20. Sasa Darwin aseme nini? Je, jozi 13 kwa 2 zinatosha kuthibitisha, au ni bahati tu?

Alimpelekea takwimu hizo binamu yake, Francis Galton, mmoja wa mabingwa wa takwimu wa zama zile. Galton aliichukua miche ya mseto akaipanga upya kuanzia mrefu hadi mfupi, akafanya vivyo hivyo kwa miche ya kujichavusha, kisha akalinganisha mrefu na mrefu, mfupi na mfupi. Orodha zikapendeza machoni, lakini kile alichokijenga Darwin kwa subira kilikuwa kimebomolewa. Mche wa chungu cha kwanza sasa ulilinganishwa na mche wa chungu cha tatu, ambao haukuwahi kushiriki nao udongo wala maji.

Galton hakuwa mjinga. Alikosa chombo tu. Hapakuwa na kanuni yoyote wakati huo ya kupima kwa uaminifu tofauti inayotokana na vipimo 15. Chombo hicho kilikuja kubuniwa kiwandani, na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza bia.

Kijana wa Guinness

William Sealy Gosset alizaliwa mwaka uleule wa 1876, mwezi Juni, mjini Canterbury, katika jimbo lilelile la Kent. Alisoma kemia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kampuni ya bia ya Guinness mjini Dublin. Kiwanda hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya bia duniani, na wakuu wake walikuwa wameanza kuajiri vijana waliosomea sayansi. Walitaka bia yao nyeusi iwe ileile mwaka huu na mwaka ujao, hata kama shayiri, hopsi na hamira hazikuwa zilezile.

Hapo ndipo Gosset alipokutana na taabu iliyomshughulisha maisha yake yote. Shayiri ya shamba moja hutofautiana na ya shamba la jirani, na ya mwaka wa mvua nyingi si sawa na ya mwaka mkavu. Mtu akitaka kujua kama aina fulani ya shayiri inazaa kuliko nyingine, lazima asubiri msimu mzima ili apate vipimo vinne, pengine kumi. Wanatakwimu wa siku zile walikuwa na kanuni zao, lakini zilikuwa za mamia na maelfu ya vipimo. Hakuna mkulima ambaye angeweza kumpa Gosset mashamba elfu moja.

Tuone ugumu ulikuwa wapi hasa. Ukitaka kujua kama wastani uliopata ni wa kutegemewa, unahitaji kujua vipimo vyako vimetawanyika kiasi gani. Vipimo vinavyokaribiana humpa mtu imani, vinavyopishana sana humtia shaka. Ukiwa na vipimo 1,000, mtawanyiko huo unaujua kwa karibu kabisa. Ukiwa na vinne, mtawanyiko wenyewe unaukisia tu kutokana na vipimo hivyo vinne, na makisio hayo yanayumba. Mara nyingine vipimo vinne hukaribiana kwa bahati, mtafiti akajiona ana uhakika ambao hana. Kanuni za zamani hazikuihesabu hatari hiyo.

Mwaka 1904 Gosset aliwaandikia wakuu wake ripoti ya ndani iliyoeleza jinsi hesabu ya makosa ya vipimo ingeweza kuisaidia kazi ya kiwanda, akashauri kampuni itafute msaada wa mwanahisabati. Julai 1905 alikutana na Karl Pearson, profesa wa Chuo Kikuu cha London na mhariri wa jarida la Biometrika. Kampuni ikampa ruhusa, na kati ya mwaka 1906 na 1907 akakaa London akisoma katika maabara ya Pearson. Profesa huyo alimfundisha kwa moyo wote, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa sampuli kubwa. Swali la vipimo vinne halikumkosesha usingizi. Mgeni wake kutoka Dublin alilazimika kulitafutia jibu mwenyewe.

Kadi 3,000 za wafungwa

Jibu lilichapishwa Machi 1908 katika Biometrika. Guinness haikutaka wafanyakazi wake wachapishe utafiti kwa majina yao, basi makala ikatoka kwa jina la Student, yaani Mwanafunzi. Ndiyo maana hadi leo vitabu vinazungumzia “t ya Student”, na wasomaji wengi hudhani ni jina la ukoo.

Gosset alifuata njia mbili ili kulipata jibu. Ya kwanza ilikuwa ya hisabati: alitafuta umbo la mgawanyo wa uwiano kati ya kosa la wastani na mtawanyiko uliokadiriwa kutoka sampuli ileile. Alilipata umbo sahihi, ingawa uthibitisho wake haukukamilika. Njia ya pili ilikuwa ya mikono. Alichukua vipimo vilivyokuwa vimechapishwa vya wafungwa 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadi. Akazichanganya vizuri, akachomoa moja moja na kuziandika katika daftari kwa jinsi zilivyotoka. Kila kadi nne zilizofuatana akazihesabu kuwa sampuli moja. Akapata sampuli 750 za vipimo vinne vinne, akazikokotolea wastani na mtawanyiko kila moja, kisha akatazama kama zinaangukia pale ambapo hisabati yake ilitabiri. Zilikubaliana vizuri.

Leo kompyuta hufanya kazi ya namna hiyo kufumba na kufumbua. Gosset aliifanya kwa mkasi, kalamu na uvumilivu, miongo mingi kabla kompyuta haijaingia maabara.

Alichokigundua kinaweza kuelezwa kwa tarakimu chache. Kwa sampuli kubwa, wanatakwimu huridhika kwamba tofauti si bahati pale uwiano huo, ukihesabiwa kama t ya leo, unapozidi takriban 1.96, kwa kukubali hatari ya kukosea mara 5 katika 100. Kwa vipimo 10 mpaka huo hupanda hadi 2.26. Kwa vipimo vinne hufika 3.18. Kadiri unavyojua machache, ndivyo unavyotakiwa kuleta ushahidi mzito zaidi kabla hujasema neno. Gosset hakuwakataza watu kutumia sampuli ndogo. Aliwapa bei halali ya udogo wake.

Wagonjwa kumi wa Kalamazoo

Katika makala hiyohiyo Gosset alihitaji mfano, akauchukua kutoka Marekani. Mwaka 1905 watafiti wawili, Cushny na Peebles, walikuwa wamechapisha majaribio ya dawa za usingizi yaliyofanyika katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kalamazoo, jimbo la Michigan. Wagonjwa 10 walipewa dawa ya kwanza kwa nyakati fulani na dawa ya pili kwa nyakati nyingine, na kwa kila mmoja zikahesabiwa saa za usingizi zilizoongezeka ukilinganisha na usiku asipopewa dawa. Gosset alikosea majina ya dawa hizo alipoyanakili, na kosa hilo likaishi vitabuni kwa miaka. Tarakimu zenyewe alizinakili sawasawa.

Tuzitazame kwa karibu, maana humo ndimo ulimo mzizi wa somo zima. Dawa ya kwanza iliongeza wastani wa saa 0.75, na ya pili saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58. Je, ni tofauti ya kweli?

Mgonjwa wa pili alikuwa mgumu kulala. Dawa ya kwanza ilimpunguzia usingizi kwa saa 1.6, ya pili ikamwongezea 0.8 tu. Mgonjwa wa saba alikuwa mwepesi wa kusaidiwa: dawa ya kwanza ilimwongezea saa 3.7, ya pili 5.5. Ukiwaweka wagonjwa hao wawili pamoja, utaona wametofautiana kwa zaidi ya saa tano chini ya dawa moja. Lakini linganisha kila mmoja na nafsi yake. Wa pili alifaidi saa 2.4 zaidi kutokana na dawa ya pili. Wa saba alifaidi 1.8 zaidi. Ghafla watu hawa wawili walio mbali hivyo wanasema jambo moja.

Ndivyo lilivyo jaribio la jozi. Huulizi tena kila mtu alilala kiasi gani. Unatoa tofauti ndani ya kila mtu, unapata orodha moja ya tofauti 10, na unauliza kama wastani wa tofauti hizo uko mbali na sifuri. Mgonjwa mmoja alipata sifuri kamili, tisa waliobaki wote walilala zaidi kwa dawa ya pili, mmoja wao kwa saa 4.6. Hesabu yake, kwa kanuni ya leo, ni hii: wastani wa tofauti, 1.58, hugawanywa kwa mtawanyiko wa tofauti uliokwisha kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 10. Mtawanyiko ni 1.23, basi jibu ni t ya 4.06. Mpaka ni 2.26. Dawa ya pili imeshinda, na imeshinda wazi. Gosset, kwa mtindo wa wakati wake, aliandika kwamba uwezekano wa dawa ya pili kuwa bora ni kama 666 kwa 1.

Fisher aligawa njia mbili

Makala ya 1908 haikupokewa kwa vigelegele. Watu wengi waliipita tu. Aliyeitambua thamani yake alikuwa kijana wa Cambridge, Ronald Aylmer Fisher. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 22, alimtumia Gosset uthibitisho kamili wa kanuni yake, akiitazama kila sampuli kama nukta moja katika nafasi ya vipimo vingi. Gosset alikiri kwamba hisabati hiyo ilimzidi, akaipeleka kwa Pearson, naye pia hakuona uzito wake. Lakini urafiki wa barua ulikuwa umezaliwa, na uliendelea miaka mingi.

Mwaka 1919 Fisher alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, na huko akaligeuza wazo la Gosset kuwa chombo cha kila mtafiti. Uwiano wa awali ulioitwa z ukarekebishwa ukawa t tunayoijua. Fisher akaleta wazo la digrii za uhuru, yaani hesabu ya taarifa huru zilizobaki baada ya kukadiria wastani. Na muhimu kuliko yote kwa habari yetu, alionyesha kwamba kanuni ileile inaweza kulinganisha makundi mawili yasiyohusiana kabisa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuhusu mbinu za takwimu kwa watafiti, Fisher alirudia wagonjwa wa Kalamazoo, kisha akafanya jambo la kufundisha sana. Alimtaka msomaji adhani kwamba tarakimu zilezile zilitoka kwa wagonjwa 20 tofauti, 10 kwa kila dawa. Wastani ni uleule, tofauti ni ileile ya saa 1.58. Lakini sasa mtawanyiko wote wa watu, yule mgumu kulala na yule mwepesi, unaingia katika hesabu. Jibu likawa t ya 1.86, na mpaka kwa digrii 18 za uhuru ni 2.10. Ushahidi uliokuwa wazi umetoweka.

Mtu akitua na kulitafakari jambo hilo ataona ajabu yake. Karatasi ni ileile. Hakuna tarakimu iliyobadilika. Kilichobadilika ni habari ya nani alipimwa, na habari hiyo haimo ndani ya tarakimu. Iko wodini, mikononi mwa yule aliyetoa dawa.

Jaribio la makundi huru si hafifu kwa asili yake. Mara nyingi ndilo pekee linalowezekana. Dawa inayoponya ugonjwa huwezi kumpa mtu aliyekwisha kupona ili ulinganishe na nyingine. Huwezi kuvuna aina mbili za shayiri kwenye mche mmoja. Katika hali hizo unachukua makundi mawili, unajumlisha mtawanyiko wa kila kundi, na unakubali kulipa kwa kuhitaji watu wengi zaidi. Sharti ni kwamba makundi yawe huru kweli, na kwamba hakuna mkono uliowachagua wa huku na wa kule.

Maziwa ya watoto wa Lanarkshire

Sharti hilo lilivunjwa mbele ya umma mwaka 1930, katika jaribio kubwa ajabu lililofanyika Lanarkshire, wilaya ya Scotland iliyokuwa na migodi ya makaa ya mawe na familia nyingi maskini. Serikali ilitaka kujua kama maziwa ya bure shuleni yangewakuza watoto. Watoto 20,000 wa shule 67 walishiriki. Elfu 10 hawakupewa kitu. Elfu 5 walipewa maziwa mabichi, robo tatu ya painti kila siku ya shule, na elfu 5 wengine kiasi hichohicho cha maziwa yaliyotibiwa kwa joto. Walipimwa urefu na uzito Februari, wakapimwa tena Juni. Gharama ilifika paundi 7,500 hivi.

Mwaka uliofuata Student aliandika uchambuzi wa jaribio hilo, nao ni miongoni mwa maandishi yenye hekima kubwa katika historia ya takwimu. Wasimamizi walikuwa wamewachagua watoto kwa kura au kwa mpangilio wa majina, jambo jema. Lakini walikuwa wameruhusu pia kwamba ikiwa kundi moja lingeonekana kuwa na watoto wengi mno walioshiba au wengi mno wenye njaa, walimu wangeweza kubadilisha baadhi yao ili kusawazisha. Walimu ni binadamu. Mbele yao wamesimama watoto waliokonda, na maziwa yapo. Bila kukusudia hila yoyote, waliwasogeza maskini kwenye kundi la maziwa.

Takwimu zilifichua jambo hilo. Mwanzoni mwa jaribio, kabla hata tone halijanywewa, watoto wasiopewa maziwa walikuwa tayari wakubwa kuliko wenzao, kiasi cha ukuaji wa miezi mitatu kwa uzito na minne kwa urefu. Makundi mawili yaliyodhaniwa kuwa sawa hayakuwa sawa tangu mlangoni.

Kisha Student akaona jambo ambalo wengine walilipita. Watoto walipimwa uzito wakiwa wamevaa nguo. Februari ni baridi kali Scotland, Juni ni majira ya joto. Mtoto wa familia yenye uwezo alipimwa Februari akiwa na nguo nzito, na Juni akiwa na nguo nyepesi, hivyo uzito wake ukaonekana kuongezeka kwa kiasi kidogo kuliko kile cha kweli. Mtoto maskini hakuwa na nguo nzito za kuvua. Kwa hiyo sehemu ya ushindi wa maziwa kwenye mizani huenda ilikuwa umaskini wa kabati la nguo.

Wingi si hoja. Watoto 20,000 hawakuweza kurekebisha kosa la uteuzi, kwa sababu kosa hilo halipungui idadi inapoongezeka. Hubaki palepale. Student akapendekeza njia nyingine: watafutwe mapacha wanaofanana, jozi 50 tu, mmoja wa kila jozi apewe maziwa na mwingine asipewe, aamuliwe kwa kura. Wana damu moja, nyumba moja, meza moja, kabati moja la nguo. Alikadiria kwamba jaribio hilo lingetoa jibu la kuaminika zaidi kwa asilimia moja au mbili ya gharama. Mtu aliyewahi kukaa na tarakimu za wagonjwa wa Kalamazoo hawezi kushangaa alilipata wapi wazo hilo.

Ugomvi wa marafiki

Gosset na Fisher hawakukubaliana katika kila kitu. Gosset alipenda njia ya mistari iliyoendelezwa na E. S. Beaven, mtaalamu wa shayiri wa Warminster. Sanduku la mashine ya kupandia liligawanywa katikati, nusu moja ikajazwa aina moja ya mbegu, nusu ya pili aina nyingine. Mashine ilipofika mwisho wa shamba na kugeuka, aina moja ilipandwa tena kando ya mstari wake wa kwanza, ikawa moja, mbili, mbili, moja, hadi shamba likaisha. Kila mstari ulikuwa na jirani wa kulinganishwa naye, na rutuba iliyopungua polepole kutoka upande mmoja wa shamba ilijifuta yenyewe katika hesabu.

Fisher aliona hatari katika mpangilio huo. Rutuba ya shamba inaweza kuwa na mpangilio wake pia, na mpangilio ukikutana na mpangilio, mtafiti hudanganyika bila kujua. Yeye alitaka ndani ya kila jozi kura iamue nani akae wapi. Kura ndiyo inayoipa hesabu ya t haki ya kusema lolote kuhusu bahati. Gosset alijibu kwamba kura huweza kuleta mpangilio mbovu ambao mkulima yeyote angeukataa kwa macho. Walibishana hadharani na kwa barua hadi mwisho wa maisha ya Gosset. Dunia ya tiba na kilimo imefuata kura ya Fisher, na imehifadhi pia jozi za Gosset: siku hizi mtafiti makini huunda kwanza jozi au vikundi vinavyofanana, kisha hupiga kura ndani yake.

Mwaka 1935, katika kitabu chake kuhusu usanifu wa majaribio, Fisher alivirudia vyungu vya Darwin. Alimkosoa Galton kwa kuzivunja jozi, akazirudisha mahali pake, akakokotoa. Wastani wa tofauti za jozi 15 ulikuwa inchi 2.62, na t ikawa 2.148. Mpaka kwa digrii 14 za uhuru ni 2.145. Darwin alikuwa amevuka mstari kwa unywele, na ilichukua miaka 59 kulijua hilo.

Lakini mahindi hayo yana somo la ziada. Mtu akiyahesabu kama makundi huru, atapata t ya 2.44, kubwa kuliko ile ya jozi. Kinyume kabisa na Kalamazoo! Sababu ni kwamba jozi hufaidisha pale tu wawili walio pamoja wanapofanana. Wagonjwa walifanana na nafsi zao. Miche ya chungu kimoja, kwa takwimu hizi, haikufanana: katika jozi zile mbili, mseto ulidumaa huku mwenzake akistawi.

Je, Darwin angeruhusiwa basi kuchagua hesabu inayompendeza? Hapana. Alipanda kwa jozi, kwa hiyo hesabu yake ni ya jozi, imfae au isimfae. Mtafiti anayejaribu njia zote mbili na kuripoti iliyompa jibu zuri ameacha kupima, ameanza kuchagua.

Gosset alihamia London mwaka 1935 kusimamia kiwanda kipya cha Guinness huko Park Royal. Alifariki Oktoba 1937 akiwa na miaka 61. Mwaka uliofuata kifo chake, mwanatakwimu B. L. Welch alianza kuziba ufa uliobaki: kanuni ya makundi huru ilidhani kwamba makundi yote mawili yametawanyika sawa. Welch alibuni, na mwaka 1947 akakamilisha, njia ya kupunguza digrii za uhuru pale mtawanyiko unapotofautiana. Leo programu ya takwimu iitwayo R, mtafiti akiiomba t ya makundi huru bila kutoa maelekezo mengine, hutumia njia ya Welch. Na wagonjwa 10 wa Kalamazoo wamo ndani ya programu hiyohiyo, kama mfano wa kujifunzia.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Mwanafunzi wa kilimo mjini Morogoro au wa tiba mjini Nairobi anayeandika tasnifu hukutana na historia hii kama machaguo mawili kwenye skrini: jozi, au makundi huru. Wengi hutafuta jibu katika kanuni, au humwuliza mwenzao aliyemaliza mwaka jana. Jibu halimo huko. Aliwapima wanafunzi walewale kabla na baada ya mafunzo? Hiyo ni jozi, na akiihesabu kama makundi huru atakuwa ametupa ushahidi wake mwenyewe, kama ulivyotoweka ule wa dawa ya usingizi. Alipima wanafunzi wa shule mbili tofauti? Hayo ni makundi huru, na kuwapanga kwa alama ili kila mmoja apate mwenzake wa karatasini ni kurudia kosa la Galton. Alimwachia mwalimu mkuu amchagulie nani aingie kundi gani? Basi hakuna kitufe kitakachomwokoa, iwe wanafunzi 20 au 20,000.

Hesabu ya t ni fupi, huisha kwa mstari mmoja. Kazi nzito ni ile ya kuamua, shamba likiwa bado halijapandwa na dawa haijatolewa, nani atalinganishwa na nani, na kuliandika hilo daftarini kabla tarakimu hazijaanza kumshawishi mtu. Anayefanya hivyo anaweza kutoa ushahidi kwa watu kumi. Asiyefanya, hata wilaya nzima haimtoshi.